Ukitaka Kusaka Mabaki ya Ndege za Kivita, Anza kwa Mwenye Mizani

Kijana anayetaka kuanza kusaka mabaki ya ndege za kivita huniuliza kwanza kuhusu mashine ya kutafutia chuma ardhini: inauzwa wapi, ni pesa ngapi, inafika kina gani. Mimi humwambia aziweke pesa hizo. Anunue daftari la jalada gumu, kalamu mbili, rula na sumaku ndogo, abaki na nauli ya kuzunguka Nairobi. Nimekaa Nyayo Highrise miaka mingi, ndege za kiwanja cha Wilson zikipita juu yetu tangu alfajiri, na karibu kila kipande cha maana nilichowahi kukishika kilitoka mikononi mwa mtu. Kilikuwa kwenye rundo la mnunuzi wa skrepu, au chini ya kitanda cha mzee, au kimezibia banda la kuku.

Sababu iko wazi. Ndege hutengenezwa kwa aluminiamu, na aluminiamu ni pesa. Ikianguka porini au ikitupwa nyuma ya karakana, watu huikata, huibeba, hupimiwa kwa kilo, kisha mafundi wa jua kali huiyeyusha na kuisubu sufuria. Hakuna ubaya hapo. Watu wamelisha watoto kwa kazi hiyo. Lakini bawa likishaingia tanuruni, jina la ndege, mwaka wake na mahali ilipoangukia huenda nalo, isipokuwa kama kuna aliyewahi kuyaandika. Msakaji wa kweli anashindana na tanuru, na anachokiokoa kwanza ni habari. Chuma chenyewe kinafuata.

Jua kwanza kilichoruka hapa

Huwezi kukitambua kitu usichokitarajia. Kabla ya kwenda popote, jifunze ni ndege zipi zilifika Afrika Mashariki na lini. Mimi huigawa historia hiyo katika vipindi vinne, na nakushauri ufanye hivyo.

Cha kwanza ni Vita Vikuu vya Kwanza. Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha katika delta ya Rufiji mwaka 1914. Novemba mwaka huo rubani wa kukodiwa, Dennis Cutler, aliiona kutoka angani akiwa kwenye ndege ya kuelea majini aina ya Curtiss. Mwaka uliofuata Waingereza walitengeneza kiwanja kisiwani Mafia, na marubani wao wakawa wakielekeza mizinga ya meli zao hadi Königsberg ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Ukifika Fort Jesus, Mombasa, utauona mzinga mmoja wa meli hiyo. Upande wetu wa mpaka, ndege za Waingereza zilitumia viwanja vya Maktau na Mbuyuni, Taita Taveta. Ndege za wakati huo zilikuwa mbao, kitambaa na waya, kwa hiyo usitarajie bawa. Tarajia kipande cha injini, skrubu, chupa na picha.

Cha pili ni Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1939 ndege za Wilson Airways, kampuni aliyoianzisha Florence Kerr Wilson mwaka 1929, zilichukuliwa na kuingizwa katika kikosi cha akiba cha anga cha Kenya. Kiwanja chake hapa jirani kikawa cha kijeshi kikiitwa Nairobi West, na jina la Wilson likapewa kiwanja hicho mwaka 1962. Mwaka 1940 vikosi vya anga vya Afrika Kusini vilifika na ndege aina za Junkers, Hurricane, Battle na Hartebeest, vikapigana na Waitaliano kaskazini. Waitaliano nao walishambulia Wajir na Malindi kutoka angani. Pwani, ndege za Catalina ziliondokea Mombasa kwenda kulinda Bahari ya Hindi.

Cha tatu ni Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni tarehe 20 Oktoba 1952. Ndege za Harvard zilifika 1953 na kuendesha kazi zake kutoka Mweiga, Nyeri; ndege kubwa za Lincoln zikatokea Eastleigh kati ya 1953 na 1955 kwenda kupiga mabomu misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya.

Cha nne ni chetu wenyewe. Jeshi la Anga la Kenya lilianzishwa tarehe 1 Juni 1964, likaanza na ndege ndogo za Chipmunk, likaendelea na Beaver na Caribou, kisha Strikemaster na Hunter miaka ya 1970, na F-5 kutoka Marekani mwaka 1978.

Andika orodha hii ukurasa wa kwanza wa daftari. Mtu akikuambia ameona "ndege ya vita ya Mjerumani" Nanyuki, utajua swali la kumuuliza.

Anzia mahali unapoweza kufika kwa miguu

Wakazi wa Kibera na Kawangware tuna bahati ambayo wengi hawaitambui. Kando ya barabara ya Ngong kuna makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, yaliyofunguliwa mwaka 1941, yenye makaburi zaidi ya 1,900 ya Vita Vikuu vya Pili. Nenda siku ya kawaida, asubuhi. Tembea polepole ukitafuta mawe yenye nembo ya tai wa jeshi la anga, na yale ya Waafrika Kusini. Andika jina, cheo, kikosi na tarehe. Mara nyingi utaona majina mawili au matatu yenye tarehe moja. Hao huenda walikuwa ndani ya ndege moja, na sasa una siku ya kuifuatilia katika nyaraka. Ziara hiyo itakufunza jambo jingine muhimu zaidi: kwamba ndege unazozitafuta zilikuwa na watu.

Kutoka hapo nenda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, uulize mapokezi masharti ya kusoma majalada. Kisha nenda Ruaraka, makao ya Idara ya Upimaji. Baada ya vita, ndege za Lancaster za kikosi namba 82 cha Waingereza zilipiga picha eneo kubwa la nchi kutoka angani, na picha hizo zikasaidia kuchora ramani zetu za zamani. Ramani ya miaka ya 1950 inaonyesha viwanja vidogo vya ndege ambavyo leo ni mashamba ya mahindi au malisho. Iweke kando ya picha ya setilaiti kwenye simu yako. Mstari ulionyooka kupita kiasi katikati ya vichaka ni mahali pa kwenda kuuliza wazee.

Na wazee wako hapa pia. Kibera ilianza kama makazi ya askari Wanubi wa King's African Rifles, na kumbukumbu za kijeshi katika nyumba za Makina ni nyingi kuliko katika maktaba nyingi. Bibi mmoja wa Makina alinionyesha kifuniko cha pipa lake la maji: bamba jepesi la aluminiamu lenye misumari ya riveti iliyopangwa kwa nafasi sawa, na ndani yake rangi ya kijani iliyofifia. Marehemu mumewe alikuwa mlinzi Nairobi West wakati wa vita, na bamba hilo lilitoka huko. Nilipiga picha, nikapima, nikaandika maneno yake kama alivyoyasema, nikamsomea. Akasahihisha majina mawili. Bamba nililiacha pale pale juu ya pipa, kwa sababu ni lake, na kwa sababu historia yake sasa inajumuisha miaka yote liliyofunika maji ya nyumba ile.

Kwa mwenye mizani

Yadi za skrepu za Kawangware na Kibera zina utaratibu wake. Usifike saa ambazo wakusanyaji wanaleta mizigo kupima. Mwenye yadi hana muda nawe. Fika mapema au jioni, msalimie, jieleze unatafuta nini na kwa nini. Usijifanye mnunuzi mkubwa. Mwachie namba yako ya simu na picha kadhaa za kuchapisha zinazoonyesha vitu unavyovitaka. Na ukimwahidi kurudi siku fulani, rudi. Wenye yadi niliowazoea hunipigia simu wao wenyewe, na geji ya kwanza ya kijeshi niliyoipata Kawangware ilitokana na simu kama hiyo.

Kutambua kipande, fuata hatua hizi.

Weka sumaku. Ikishika, hicho ni chuma cha kawaida, na huenda ni cha gari au mashine. Si cha kutupa, lakini kitahitaji ushahidi mwingine. Isiposhika na kipande kikawa chepesi kwa ukubwa wake, endelea.

Tazama riveti. Mafundi wa ndege huzipanga kwa nafasi sawa, na sehemu zinazopigwa na upepo vichwa vyake vimelala sawa na bamba.

Tafuta rangi ya ndani. Rangi ya kijani au ya manjano-kijani ya kuzuia kutu ni dalili nzuri, hasa kwa ndege za Kimarekani.

Tafuta mihuri na namba. Hapa ndipo penye uhakika. Herufi AM chini ya taji ni alama ya Wizara ya Anga ya Uingereza. Namba inayoanza na 6A, kisha mkwaju, huwa kwenye vyombo vya rubani. Vipande vingi vya Harvard hubeba namba zinazoanza na 66, 77 au 88, kisha kistari. Ukiona kibandiko chenye maneno FAA-PMA, hicho ni kipuri kilichoidhinishwa Marekani kwa ndege za kiraia, na kwetu sisi jirani na Wilson vipande vya namna hiyo ni vingi. Usimwambie mtu ni cha kivita kwa sababu tu kinapendeza.

Ukinunua, lipa zaidi kidogo ya bei ya kilo, na udai risiti. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamtaka mfanyabiashara awe na leseni na aweke kumbukumbu, na usimamizi umekaza tangu serikali ilipoisimamisha biashara hiyo kwa muda Januari 2022 kufuatia wizi wa vyuma vya nguzo za umeme. Kipande kinachong'aa, chenye tarehe ya karibuni, au ambacho muuzaji hataki kusema kimetoka wapi, kiache. Kikiwa kimetoka kambini au kwenye ndege inayoruka, wewe ndiye utakayeshikwa nacho. Na ukikinunua unamlipa aliyekiiba.

Wasikilize waliokuwa chini

Ukisoma vitabu vya wapenzi wa ndege utakuta habari za marubani, injini na mabomu. Waliokuwa chini hawamo. Katika nchi yetu hilo ni pengo kubwa, maana Harvard na Lincoln zilipiga misitu waliyokuwamo wana wa nchi hii. Nakusihi usiende Mweiga, Nyeri au Nyandarua kama mtu anayekusanya vinyago vya utotoni. Nenda kama mgeni anayetaka kufundishwa.

Ukifika kwa mzee, mwite kama wajukuu zake wanavyomwita. Kwa Wakikuyu, Guka kwa mwanamume na Cucu kwa mwanamke. Nenda na mtu wa pale anayejua lugha. Usianze na swali la chuma. Muulize alikuwa wapi miaka ile, familia ilihamishiwa kijiji gani, nani hakurudi. Habari za ndege zitakuja zenyewe. Guka mmoja aliniigizia sauti ya Harvard kwa koo lake, ukali ule wa kupasua masikio, na alikuwa sahihi: ncha za rafadha ya Harvard huzunguka kwa kasi inayofikia ya sauti, ndiyo maana huunguruma kuliko ndege za umbo lake. Aliitofautisha vizuri na mvumo mzito wa Lincoln yenye injini nne. Hakuwahi kusoma jina la ndege yoyote kati ya hizo. Masikio yake yalikuwa ushahidi tosha.

Kumbuka pia kwamba mabaki si chuma peke yake. Serikali ya kikoloni ilimwaga makaratasi kutoka angani ikiwataka wapiganaji wajisalimishe, na ndege ndogo zenye vipaza sauti zilizunguka zikitangaza juu ya msitu. Karatasi moja ya namna hiyo iliyohifadhiwa kati ya kurasa za Biblia inaweza kuwa na thamani kuliko rafadha nzima. Omba ruhusa ya kuipiga picha, pande zote mbili, kisha mrudishie mwenyewe papo hapo.

Na usisahau kumbukumbu za karibu. Hapa Lang'ata wapo waliozisikia ndege asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, siku ya jaribio la mapinduzi la baadhi ya askari wa anga. Rekodi masimulizi yao wakiwa bado na nguvu.

Hatari ambazo hazina mzaha

Bomu halizeeki. Harvard zilibeba mabomu madogo ya kilo 9, Lincoln zikabeba ya kilo 227 na 454, na si yote yaliyolipuka. Kaskazini, karibu na Archer's Post, silaha zilizoachwa katika maeneo ya mazoezi ya jeshi la Uingereza ziliua na kulemaza wachungaji kwa miaka mingi. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wakenya 228. Ukiona kitu chenye umbo la mtungi, chenye mapezi, au risasi yenye kichwa, usikiguse, usikigeuze, usikipige teke, usitumie hata redio karibu nacho. Weka alama mbali nacho, rudi kwa njia uliyojia, wapigie polisi 999 au 112, na uwaambie majirani wawaweke watoto mbali. Kisipofikiwa siku hiyo, fuatilia kesho yake.

Geji za zamani zina hatari isiyoonekana. Namba na mishale iliyong'aa gizani ilipakwa rangi yenye radiamu. Mng'ao hufa baada ya miongo michache, lakini radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua kwa nusu. Usifungue kioo, usikwangue rangi, usimpe mtoto aichezee, usiilaze chumbani. Ifunge katika mfuko mzito, nawa mikono, uwaulize Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia jinsi ya kuihifadhi.

Magurudumu na maganda ya baadhi ya injini yalisubiwa kwa magnesiamu, ambayo ikishika moto huwaka kwa ukali na maji huuchochea. Waonye mafundi wa tanuru. Onyo hilo moja linaweza kuokoa mkono wa mtu, na litakufanya uaminike katika yadi kuliko pesa utakazolipa.

Ukikuta mifupa, simama hapo hapo. Mahali palipoangukia ndege panaweza kuwa kaburi. Piga ripoti polisi, wala usichukue chochote.

Sheria unayopaswa kuijua

Usipige picha kambi, lango lake wala ndege iliyosimamishwa langoni bila ruhusa. Lang'ata Barracks na kambi ya anga ya Eastleigh ziko chini ya sheria za maeneo yanayolindwa, na askari wa zamu hatasikiliza habari za mapenzi yako kwa historia. Andika barua rasmi kwa makao makuu ya jeshi, eleza unachotaka, subiri jibu.

Ndani ya mbuga za Aberdare na Mlima Kenya usitoe kitu. Pita kwa askari wa wanyamapori, onyesha picha na mahali ulipokiona, waache waamue.

Jambo ambalo wengi hawalijui liko katika Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006. Kwa sheria hiyo, kitu cha kale kinacholindwa moja kwa moja ni kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Ndege ya kwanza duniani yenye injini iliruka 1903. Maana yake ni kwamba hakuna ndege hata moja inayopata ulinzi huo kwa umri wake. Lazima waziri aitangaze kuwa kitu cha kuhifadhiwa. Kwa hiyo kumbukumbu zako zina kazi zaidi ya kukufurahisha. Makavazi ya Taifa hayawezi kupendekeza kulinda kitu kisicho na maelezo. Ukiwapelekea faili lenye picha, vipimo, mahali na masimulizi, umewapa pa kuanzia.

Kuandika, kutunza, kupeleka

Kwa kila kipande andika: tarehe, mahali palipotajwa na mahali ulipokiona, nani alikuwa nacho, kimetoka wapi kwa maneno yake mwenyewe, vipimo, uzito, namba zote hata usizozielewa. Piga picha rula ikiwa kando. Tenganisha ulichokiona na unachokidhani; kwa dhana zako tumia kalamu ya rangi nyingine. Mtu anayesoma daftari lako miaka thelathini ijayo ataamua mwenyewe.

Kipande chenyewe kisafishe kwa maji safi na brashi laini, ukikaushe kivulini. Usitumie steel wool wala usipake rangi mpya. Rangi ya zamani, hata iliyochanika, ndiyo inayosema ndege ilikuwa ya nani. Usihifadhi aluminiamu ikigusana na shaba au chuma mahali penye unyevu, maana italiwa haraka.

Kisha fikiria mwisho wake. Mimi naamini kipande kinapaswa kukaa karibu na mahali historia yake ilipotokea. Cha Mweiga kipeleke Makavazi ya Nyeri, katika jengo la mahakama ya Waafrika la mwaka 1924. Cha pwani kina Fort Jesus. Cha Nairobi kina Makavazi ya Taifa, Museum Hill. Peleka na nakala ya daftari, na uhakikishe jina la aliyekupa limeandikwa, kama ameridhia. Katika nyumba yangu ya ghorofani nimebakiza vitu vichache tu. Kinachonijaza fahari ni ile rafu ya madaftari, na watu ambao majina yao yamo humo kwa heshima.

Kijana aliyekuwa na miaka kumi na tano Harvard zilipofika Mweiga leo anakaribia tisini. Kwa hiyo usisubiri kujua kila kitu. Jumamosi hii nenda makaburi ya barabara ya Ngong uandike majina. Jumatatu pita kwa mwenye mizani aliye karibu nawe, msalimie, mwachie namba. Na kabla wiki haijaisha, mpigie simu mzee wako kijijini umuulize ndege gani alizisikia alipokuwa mdogo. Ukishaandika jibu lake, mlisomee alisikie, asahihishe, na umpe nakala abaki nayo.